Mwanamke Aliyejua Mashine Inafanya Nini

Nilimfahamu dada huyo katika miaka ile ya mwisho ya Ujamaa, wakati sabuni ya kufulia ilipatikana kwa foleni, na ukionekana na kanga mpya watu wanakuuliza uliipata duka gani. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa maji mjini Singida. Mradi ulichimba visima virefu katika vijiji vipya, vile ambavyo watu walihamishiwa ili wakae pamoja karibu na barabara. Shule zilijengwa, na zahanati baadhi ya mahali, lakini maji yalibaki kule kule yalikokuwa tangu zamani, na wanawake wengi waliyafuata kwa mwendo mrefu kuliko walivyofanya kabla ya kuhama. Mama yangu, upande wa Mgori, alikuwa mmoja wao. Sikuhitaji kuelezwa kwamba kazi ya ofisi yetu ilikuwa na maana.

Kompyuta ililetwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Ilikuja pamoja na mtaalamu mgeni, ambaye alikaa nayo mwaka mmoja na kitu, kisha mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kimo cha meza, likawekwa chumba cha nyuma, na madirisha ya chumba hicho yakazibwa kwa turubai kuzuia vumbi, maana upepo wa Singida haubishi hodi. Kutoka kwenye sanduku zilipita nyaya hadi kwenye skrini tatu, ambazo sisi tuliziita vioo. Kioo kimoja kilikuwa chumba hicho hicho, cha pili ofisini kwa Mhandisi, mkuu wetu, na cha tatu mezani kwangu, kando ya taipureta. Watu watatu tuliweza kuitumia kwa wakati mmoja, kila mtu akidhani imeletwa kwa ajili yake peke yake.

Aliyeachiwa mashine hiyo ni dada ninayemsimulia. Alizaliwa Mtinko, akafundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, akachaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta kwa miezi sita huku amewaacha watoto watatu kwa mama yake. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo uisikie. Alipanga vyumba viwili Mandewa. Alikuja kazini kwa miguu, na kabla ya kuingia chumba cha mashine alivua viatu, akafuta nyayo zake kwa kitambaa, kisha ndipo akaingia. Mzee wetu wa masijala, ambaye aliamini jalada la karatasi kuliko kitu chochote duniani, alikuwa akimtazama akifanya hivyo na kutikisa kichwa.

"Huyu mama ana adabu na chuma," alisema.

Mimi nilikuwa naingiza tarakimu: kina cha kisima, maji kiasi gani kwa saa, chumvi kiasi gani, kutoka kwenye kadi zilizoletwa na mafundi wa uchimbaji. Sikujua lolote zaidi ya hapo. Siku moja nilipeleka kadi chumba cha nyuma nikamkuta amekaa mbele ya kioo, daftari kubwa la mistari liko wazi magotini, ananakili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Njoo uone."

Kwenye kioo palikuwa na mistari kama kumi na mitano ya maandishi ya kijani. Nikamuuliza ni kitu gani.

"Nimeiuliza mashine sasa hivi inafanya nini," alisema. "Imenijibu."

Niliona ananitania. Akafuta kioo, akaandika herufi mbili tu, p na s, kisha kistari na herufi nyingine mbili, akabonyeza kitufe kikubwa. Mistari ile ikarudi. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu, bila kugusa kioo. Kila mstari ni kazi moja ambayo mashine inaifanya wakati ule. Mwanzoni kuna jina la mtu aliyeianzisha. Kisha namba ya kazi yenyewe. Kisha namba ya kazi iliyoizaa. Kisha saa ilipoanza, kioo ilikotokea, na muda ambao mashine imekwisha kuitumikia. Mwisho kabisa, jina la programu. Siku hizi nawasikia vijana wakisema michakato. Sisi tulisema kazi, na tulielewana.

"Mbona ni nyingi? Hapa tuko watu wawili tu."

"Nyingine ni zake mwenyewe. Hii inatazama saa. Hii inangoja mtu wa kuchapa. Hizi tatu, kila moja imekaa kwenye kioo chake inangoja mtu abonyeze kitufe. Na hii ya juu, namba moja, ndiyo iliyowazaa wote. Hiyo usiiguse mpaka unaingia kaburini."

"Na wewe unanakili ya nini, dada?"

Akafunga kalamu. "Nanakili kila asubuhi na kila mchana tangu yule mgeni aondoke. Siku mashine ikiugua, watu watanijia mbio waniulize ina nini. Nitajuaje, kama sijui inakuwaje ikiwa nzima?"

Nilirudi mezani kwangu nikifikiri kwamba nimemwona mtu mwenye akili ya namna ambayo sikuwa nimekutana nayo. Nilikuwa nimewaona wasomi wengi wakipita ofisini, wenye kusema sana. Huyu aliuliza swali dogo, akangoja jibu, akaliandika.

Siku ya kumhitaji haikuchelewa. Mtambo wa kuchimba ulikuwa karibu kuhamishiwa mkoa mwingine. Tuliambiwa utabaki kwetu wiki chache tu, na kwamba ukiondoka hautarudi kabla mvua hazijapita. Gari la mafundi lilitakiwa kuondoka Jumamosi asubuhi likiwa na orodha ya mahali pa kuchimba. Orodha hiyo ilitoka katika hesabu kubwa ambayo dada aliianzisha mwenyewe Jumanne: mashine ilipitia kadi zote nilizoingiza tangu mwanzo, ikazilinganisha, ikatafuta ni wapi maji yana matumaini. Ilihitaji siku tatu bila kukatishwa. Ndiyo maana jenereta ya mradi iliwekewa dizeli ya akiba na mlinzi akaambiwa asithubutu kuizima. Ikikatishwa, unaanza upya kutoka kadi ya kwanza.

Jumatano mchana kioo changu kilianza kuwa kizito. Jioni ile niliandika herufi moja, nikahesabu mpaka nne ndipo ikatokea. Alhamisi asubuhi nilihesabu mpaka kumi. Dada hakuwapo, mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa, akaomba ruhusa ya kumpeleka hospitali kwanza. Nikakaa naangalia kile kioo, sijui nifanye nini, nikabonyeza kitufe mara mbili tatu.

Mhandisi akatoka ofisini kwake. Alikuwa mtu mrefu, mwema siku nyingi, lakini wiki ile alikuwa anaitwa mkoani kila mara kuulizwa juu ya visima, na uso wake ulikuwa umekaza.

"Umeifanya nini mashine?" aliniuliza.

"Sijaifanya kitu, Mhandisi."

"Jana ilikuwa inakwenda. Wewe ndiye unayeichokoa kutwa nzima. Umeingiza nini humo?"

Alisema hivyo mbele ya mzee wa masijala, mbele ya dereva, na mbele ya mama mmoja wa usafi ambaye ni mtu wa kwetu kabisa, tena tunasali kanisa moja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi ile ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu. Nilijiona nimekwisha.

"Zimeni," alisema. "Tuzime yote, tuiwashe upya."

Mzee wa masijala, ambaye siku zote aliidharau kompyuta, ndiye aliyeiokoa. Alisema kwa utulivu, "Mhandisi, mwenye nayo bado hajafika. Tumngoje kidogo." Sijui kama alisema kwa kunihurumia mimi au kwa sababu katika masijala yake hapaguswi kitu mwenyewe hayupo. Mhandisi akasita.

Dada akaingia dakika chache baadaye, vumbi hadi magotini. Alimwamkia mzee, akamsalimu Mhandisi, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akasema:

"Tukizima, hesabu ya visima inakufa. Naomba nusu saa."

"Nusu saa ya kufanya nini?"

"Ya kuiuliza."

Alivua viatu, akafuta nyayo, kama siku nyingine yoyote. Nakumbuka hilo kwa sababu mimi nilitaka akimbie. Akaniita nimshikie daftari. Akaandika zile herufi zake. Mashine ilichukua muda mrefu kujibu, mistari ikashuka mmoja mmoja kama mtu anayekumbuka kwa taabu.

"Nisomee jana asubuhi," aliniambia.

Nikamsomea kutoka daftarini, mstari kwa mstari, naye akaweka kidole hewani mbele ya kile kilichomo kwenye kioo. Namba moja ipo. Ya saa ipo. Ya kuchapa ipo. Hesabu ya visima ipo, yenye jina lake mwenyewe, inaendelea. Yangu ipo, moja, ndogo, haina muda wowote.

"Unajiona?" aliniuliza. "Huyu ni wewe. Tangu asubuhi hujaitumia mashine hata sekunde mbili."

Machozi yalinitoka, nikageuka kidogo asione, lakini nadhani aliona, maana alingoja kabla ya kuendelea.

Chini ya mstari wangu palikuwa na mistari mitano ambayo daftari halikuwa nayo. Yote mitano ilikuwa programu ile ile, ya kutengeneza jedwali la visima vya mkoa mzima, kazi nzito. Yote ilitokea kwenye kioo kimoja. Ya kwanza ilianza Jumatano baada ya chakula cha mchana, nyingine nusu saa baadaye, nyingine jioni, na mbili za asubuhi ile. Na mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na jina la Mhandisi.

Tulitazamana. Nilielewa upesi kuliko nilivyotaka. Mkuu alihitaji jedwali la kupeleka mkoani. Akaliagiza. Hesabu ya visima ilikuwa imeishughulisha mashine, kwa hiyo jedwali likachelewa. Akaona hakuna kitu, akazima kioo kwa swichi ya nyuma, akawasha, akaagiza tena. Akafikiri akizima kioo amezima kazi. Lakini kioo ni dirisha tu. Ukilifunga, waliomo ndani wanaendelea na shughuli zao. Sasa yalikuwa majedwali matano yanagombea mashine moja, na hesabu ya visima imebanwa katikati.

"Utayaua, dada?" nilimuuliza. Nilijua ana neno la siri la mwenye mashine, ambalo linamruhusu kusimamisha kazi ya mtu yeyote.

Alifikiri. Ningekuwa mimi, ningeyaua yote palepale, kisha ningetoka na kuitangazia ofisi nzima kosa lilikuwa la nani. Yeye alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

"Ni kazi zake," alisema. "Hajui kama zipo. Twende tumwambie."

Tulimkuta Mhandisi amekaa mbele ya kioo chake. Dada akafunga mlango nyuma yetu, ili walio nje wasisikie. Hakumwambia amekosea. Alimwomba aandike zile herufi mbili na nyingine mbili, akamtajia moja moja. Mistari ikatokea. Akamfundisha kama alivyonifundisha mimi: hili ni jina, hii ni namba, hii ni saa ilipoanza.

Mhandisi alisoma kwa muda. Niliona shingo yake inabadilika kabla ya uso.

"Hizi zote ni zangu?"

"Jina ni lako, Mhandisi."

"Lakini nilizima. Kila mara nilizima kabisa."

"Ulizima kioo. Kazi haikai kwenye kioo, iko kule kwenye sanduku. Mtu yeyote angefikiri hivyo, hakuna aliyekwambia. Hata mimi sikukwambia."

Alivuta pumzi ndefu. "Kumbe ni mimi," alisema. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sasa tufanyeje, mama?"

"Uzisimamishe mwenyewe. Wewe ndiye mwenye ruhusa nazo. Tubakize ile ya kwanza, imekwenda mbali kuliko nyingine, itakupa jedwali lako. Hizi nne ziache zipumzike. Dada yako hapa atasoma namba, wewe utaandika neno la kusimamisha na namba hiyo."

Nikasimama nyuma ya kiti cha mkuu wangu, yule aliyeniaibisha saa moja iliyopita, nikamsomea namba. Ya kwanza akaiandika polepole, kwa kidole kimoja. Tukangoja. Dada akasema aulize tena, na mstari ule ukawa haupo. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, kwa haraka, akarukia mstari wa jirani na kuanza kuandika namba ya hesabu ya visima. Nilipiga kelele. Dada hakupiga.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Hata ukiiandika, mashine itakukatalia. Lakini tusiijaribu."

Mhandisi akafuta, akaandika iliyo sahihi. Ya nne ilikataa kuondoka. Aliuliza mara mbili, bado ipo. Akageuka kumtazama dada.

"Ulichofanya mpaka sasa ni kuiomba imalize ilichoshika na iondoke," dada alieleza. "Nyingine husikia, nyingine hazisikii. Sasa ongeza kistari na tisa kabla ya namba. Hapo huombi tena."

Akaongeza. Mstari ukatoweka. Nilikwenda mezani kwangu, nikabonyeza herufi a, ikatokea hata kabla sijainua kidole. Nikaandika nyingine kwa furaha tu, kioo kizima kikajaa a.

Nilidhani yameishia hapo, na ningeridhika. Lakini kabla ya chakula cha mchana Mhandisi alikuja hadi chumba chetu, akasimama mlangoni ambapo mzee wa masijala, dereva na mama wa usafi waliweza kumsikia.

"Asubuhi nilimsema ndugu huyu mbele yenu," alisema. "Kosa lilikuwa langu, si lake. Namwomba radhi."

Wakubwa wa siku zile hawakuwa na desturi hiyo. Mzee wa masijala aliinamia majalada yake kana kwamba ameona mtu akivua nguo. Mimi nilisema, "Ahsante, Mhandisi," na mpaka leo sijui kama ningepaswa kusema zaidi. Baadaye nilielewa kwamba dada ndiye aliyemfungulia njia ya kusema vile. Angemuumbua, Mhandisi angejitetea; lakini alimwacha aone mwenyewe, naye akapata nafasi ya kuwa mtu mzuri.

Orodha ilitoka Ijumaa alasiri, wanaume wengine wakiwa ndio wanarudi kutoka msikitini. Printa ilipiga kelele kama cherehani mbovu na sote tukaizunguka. Kijiji cha mama yangu hakikuwamo. Nilikitafuta kwenye orodha kutoka juu hadi chini, nikakitafuta tena. Dada aliona ninachokitafuta, akaweka mkono begani kwangu. Isingekuwa haki kusema lolote. Mashine ilifuata kadi, na kadi niliziingiza mimi mwenyewe.

Tangu wiki ile alinifundisha kila alichokijua, nusu saa kila siku baada ya swala yake ya adhuhuri. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa mwingine, na kabla ya kuondoka aliandika barua ya kusema mimi ninaweza kuachiwa mashine. Niliachiwa. Niliitunza mpaka ilipokosa vipuri ikanyamaza. Nimekutana na watu wengi wa kompyuta tangu hapo, wenye vyeti na mashine za ajabu, na wachache sana ambao wakiona kitu kimekwama wanauliza kabla ya kulaumu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku mafundi waliponipa lifti hadi kijiji kimoja cha upande wa Mtinko, karibu na kwao dada, kuangalia kisima kilichotoka katika orodha ile. Visima viwili vya kwanza vilikuwa vimetoka vikavu, na mafundi walikuwa wamechoka. Wakafunga pampu. Mwanamke mmoja mzee akapewa heshima ya kushika mpini. Alipiga mara nyingi bila kitu, kisha yakaja matope, kisha maji mekundu, kisha maji. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Watu waliwashika mafundi mikono, wakamshika dereva, wakanishika na mimi. Nilitaka kuwaambia kuna mwanamke wa huku huku kwenu, amekaa mjini bila viatu, bila yeye gari hili lingekuwa mkoa mwingine. Nilijaribu kwa Kinyaturu, nikashindwa kupata maneno ya kueleza kazi tano zinazofanana ndani ya sanduku. Nikaishia kunywa maji kwa kata, kama wengine.

Jumatatu nilimsimulia dada yote: yule mama mzee, vigelegele, mbuzi. Alisikiliza akitabasamu, akafurahi kweli, niliona.

"Yana ladha gani?" aliuliza.

"Yana chumvi, lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikasema sijui, nilikunywa tu. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi tupu na chupa safi yenye kizibo, akanipa vyote viwili.

"Dereva anarudi kule leo mchana," alisema. "Nenda naye."